Maisha ya Andrew Carnegie, Tajiri wa Chuma

Watu wengi wamepata mali nyingi duniani, na wengi wao wamesahauliwa tangu siku ile walipozikwa. Lakini yuko tajiri mmoja ambaye jina lake lingali limeandikwa juu ya milango ya nyumba za vitabu katika nchi nyingi. Jina lake ni Andrew Carnegie. Alianza kazi angali mtoto, kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Hata alipokuwa mzee, watu walimhesabu kuwa mmoja wa matajiri wakubwa kupita wote wa zamani zake. Kisha mali ile akaitoa, karibu yote.

Katika habari zake mna mambo ya kusifiwa, na tena mna mambo ya kuhuzunisha. Tutayatazama yote, kwa maana mtu hajulikani kwa kutazamwa upande mmoja.

MTOTO WA MFUMAJI

Andrew alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 katika mji wa Dunfermline, nchi ya Uskoti. Baba yake, William Carnegie, alikuwa mfumaji wa vitambaa vizuri vya kitani, vile vya kutandikwa mezani, vyenye maua yaliyofumwa ndani yake. Kitanda chake cha mfumi kilikuwa chini, katika nyumba ile ile waliyokaa, na jamaa wa nyumba walilala juu. Mfumaji wa siku zile alikuwa mtu wa heshima. Alifanya kazi kwa mikono yake, kwa saa alizozipenda mwenyewe, wala hakuitwa mtumwa wa mtu.

Baba yake na jamaa za mama yake walikuwa watu wasioogopa kusema. Walisimama hadharani wakadai kwamba mafundi na vibarua nao wapewe haki ya kuchagua watu wa kutunga sheria, maana wakati ule haki hiyo ilikuwa ya wenye mali. Basi Andrew alikua akisikia maneno hayo tangu utotoni.

Lakini shida ilikuwa njiani. Viwanda vikubwa vilianza kufuma vitambaa kwa mitambo iliyoendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Mtambo haukuchoka, wala haukudai ujira, na vitambaa vyake viliuzwa rahisi. Wafumaji wa mkono wakakosa wateja, mmoja mmoja, kama vile visima vinavyokauka wakati wa kiangazi. William Carnegie naye akauza vitanda vyake kimoja baada ya kimoja, hata siku moja akarudi nyumbani bila kazi kabisa. Mama yake Andrew, Margaret, akawa ndiye nguzo ya nyumba: aliuza vyakula katika duka dogo, na usiku alishona viatu.

Mwisho wakaona hapana njia tena. Mwaka 1848 walikopa pauni 20, wakapanda jahazi kubwa kwenda Marekani, baba na mama na watoto wao wawili wanaume, Andrew na mdogo wake Thomas. Walikaa baharini majuma mengi, kisha wakasafiri mpaka Allegheny, karibu na mji wa Pittsburgh, ambako walikuwa na jamaa waliotangulia.

KAZI YA KWANZA

Huko Allegheny baba aliingia katika kiwanda cha kufuma pamba, yaani aliitumikia mitambo ya namna ile ile iliyomnyang'anya kazi kwao. Andrew aliingia pamoja naye. Kazi yake ilikuwa kubadili vijiti vya kuzungushia nyuzi. Waliamka kabla ya mapambazuko, wakarudi usiku umekwisha kuingia, saa 12 za kazi kila siku, siku 6 kwa juma. Ujira wa mtoto ulikuwa ile dola 1 na senti 20.

Baada ya muda akapata kazi nyingine yenye dola 2 kwa juma, lakini ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa peke yake chini ya ardhi, akichochea moto wa mtambo mdogo wa mvuke. Mvuke ukipungua, wafanyakazi wa juu walinung'unika. Ukizidi, tangi lingeweza kupasuka na kuua watu. Hata usiku aliota akitazama kipimo cha mvuke. Tena alipewa kazi ya kuchovya vijiti katika mafuta yenye harufu kali iliyomtia kichefuchefu. Hakuwaambia wazazi wake taabu hizo, kwa sababu aliona kwamba na wao wanazo zao.

Mwaka 1849 alipata nafasi ya kuwa tarishi katika nyumba ya simu huko Pittsburgh, kwa dola 2 na nusu kwa juma. Siku zile hapakuwa na simu ya kusema kwa mdomo. Habari zilipelekwa kwa waya, kwa kugonga alama, na huko mwisho wa waya mtu aliziandika, na tarishi akazichukua mbio kwa mwenyewe. Andrew akajifunza kwa moyo majina ya njia zote za mji na ya maduka yake, kisha akajifunza nyuso za wafanya biashara wakubwa, ili akimkuta mtu njiani ampe habari yake papo hapo. Asubuhi, kabla ya kazi kuanza, alijizoeza kugonga mwenyewe. Muda si muda akaweza kufahamu alama kwa kusikiliza mlio tu, bila kutazama karatasi, na wakati ule watu walioweza hivyo walikuwa wachache sana. Hivyo akatolewa katika utarishi akawa mpiga simu.

VITABU VYA KANALI ANDERSON

Palikuwa na mtu mmoja huko Allegheny, jina lake Kanali James Anderson, mwenye vitabu kama 400 nyumbani kwake. Aliwafungulia mlango vijana wafanyao kazi, kila Jumamosi, kila mmoja aazime kitabu kimoja na kukirudisha Jumamosi ya pili. Andrew hakuwa amesoma shule ila miaka michache. Vitabu hivyo vikawa shule yake. Alivisoma usiku, na hata kazini alipopata nafasi kidogo.

Baadaye vitabu vile viliwekwa katika nyumba kubwa zaidi, nao walinzi wake wakatoa amri kwamba vijana wanaojifunza ufundi waazime bure, lakini wengine walipe dola 2 kwa mwaka. Andrew hakuwa mwanafunzi wa ufundi, na dola 2 zilikuwa fedha nyingi kwake. Je, alifanya nini? Hakukaa akalia. Aliandika barua katika gazeti la mji, akaeleza kwamba Kanali aliwakusudia vijana wote wafanyao kazi. Walinzi wakajibu, naye akawajibu tena. Mwisho amri ikabadilishwa, mlango ukafunguliwa. Kumbukeni jambo hili, kwa maana vitabu hivyo 400 vilizaa vingi sana baadaye. Alipokuwa tajiri, Carnegie alimjengea Kanali Anderson ukumbusho katika mji ule ule.

RELI NA HISA

Mwaka 1853 mkubwa mmoja wa reli ya Pennsylvania, Thomas Scott, alimwona kijana huyu kuwa mwepesi na mwaminifu, akamchukua awe karani na mpiga simu wake kwa dola 35 kwa mwezi. Mwaka 1855 baba yake alifariki, naye Andrew akawa mlezi wa nyumba kabla ya kutimiza miaka 20. Mwaka 1859 alipewa kazi ya Scott mwenyewe, kusimamia sehemu ya reli yenye makao yake Pittsburgh, kwa dola 1,500 kwa mwaka. Mtoto wa mfumaji aliyekosa kazi sasa aliwaamuru watu wengi.

Lakini mshahara peke yake haukumfanya kuwa tajiri. Scott alimwonyesha njia nyingine, ndiyo kununua hisa. Hisa ni sehemu ya kampuni. Mwenye hisa hupewa fungu la faida ijapo hakushika jembe wala nyundo. Andrew alikopa fedha akanunua hisa 10 za kampuni ya kusafirisha mizigo. Siku moja akaletewa karatasi ya fungu lake la kwanza, dola 10. Alistaajabu sana, kwa kuwa fedha hizo zilikuja zenyewe, bila jasho lake. Tangu siku hiyo akaendelea kununua hisa, katika magari ya reli yenye vitanda, katika visima vya mafuta, na katika madaraja. Imetupasa kusema kweli kwamba wakati mwingine yeye na wakubwa wake walikuwa na hisa katika kampuni zile zile zilizofanya biashara na reli yao. Zamani hizo wengi hawakuona vibaya, bali leo sheria za nchi nyingi hukataza.

Mwaka 1868, alipokuwa na miaka 33, aliketi akajiandikia shauri katika karatasi. Alijiambia kwamba fedha alizo nazo zinamtosha, kwamba kuabudu fedha humharibu mtu, na kwamba baada ya miaka 2 ataacha biashara akasome. Karatasi ile aliitunza. Lakini miaka 2 ikapita, na miaka 10, na miaka 30, naye hakuacha. Mali huwa na kamba yake. Mtu hudhani ameishika, kumbe nayo imemshika yeye.

CHUMA CHA PUA

Wakati ule reli zilijengwa upesi sana Marekani, na njia zake zilikuwa za chuma cha kawaida, ambacho huisha au kuvunjika mapema. Chuma cha pua ni kigumu zaidi, lakini kukifanya kulichukua siku nyingi na fedha nyingi. Hata mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia mpya. Chuma kilichoyeyushwa humiminwa katika chungu kikubwa mfano wa yai, kisha hewa husukumwa kwa nguvu kupita ndani yake. Hewa huunguza uchafu uliomo, cheche huruka juu kama nyota, na kwa muda wa dakika chache tani nyingi za chuma huwa chuma cha pua.

Carnegie aliona mitambo hiyo Uingereza, akatambua kwamba siku za chuma cha kawaida zimekwisha. Akajenga kiwanda kikubwa huko Braddock, karibu na Pittsburgh, kilichoanza kazi mwaka 1875. Mwaka 1883 akanunua na kiwanda cha jirani, huko Homestead.

Alishinda wenziwe kwa nini? Kwanza, kwa hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Carnegie aliweka daftari ya kila kitu: kila tani ilitumia makaa kiasi gani, mawe ya chuma kiasi gani, na mikono ya watu kiasi gani. Pili, mtambo mpya ukitokea aliutupa wa zamani, hata kama haujachakaa. Tatu, alipata mashimo ya mawe ya chuma, na makaa, na meli, na reli yake mwenyewe, asinunue kitu kwa mtu. Nne, alitafuta kupunguza gharama daima, na katika gharama hizo mlikuwamo mishahara ya watu. Hapo ndipo uchungu ulipoanzia.

VITA VYA HOMESTEAD

Mwaka 1886 Carnegie aliandika katika gazeti kwamba wafanyakazi wana haki ya kuwa na chama chao, na kwamba si vizuri kumleta mtu mgeni achukue kazi ya mwenzake aliyegoma. Wafanyakazi walifurahi sana kusikia maneno hayo kinywani mwa tajiri. Lakini miaka 6 baadaye maneno yalipimwa kwa matendo.

Katika kiwanda cha Homestead walikuwamo watu wapatao 3,800. Mapatano ya mishahara na chama cha mafundi yalikuwa yaishe tarehe 30 Juni 1892. Msimamizi mkuu alikuwa Henry Clay Frick, mtu mgumu asiyependa vyama. Frick alitaka mishahara ishushwe, tena alikusudia kukivunja chama kabisa. Carnegie alijua shauri hilo na kulikubali. Kisha akaenda zake Uskoti kupumzika, kama ilivyokuwa desturi yake kila mwaka.

Frick akazungusha kiwanda boma la mbao lenye waya wa miiba juu yake, akawafungia watu nje. Tena akaajiri walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton, wenye bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai walinzi hao walivutwa kwa matishari mawili juu ya mto Monongahela. Watu wa mji wakapata habari, wakashuka mtoni wanaume kwa wanawake. Bunduki zikalia mchana kutwa. Jioni walinzi walijitoa, wakapigwa vibaya walipokuwa wakipita katikati ya watu. Siku hiyo walikufa watu wapatao 10, wengi wao wafanyakazi, na wengi zaidi walijeruhiwa.

Siku 6 baadaye mkubwa wa jimbo la Pennsylvania alituma askari zaidi ya 8,000. Chini ya ulinzi wao, wafanyakazi wapya waliletwa kiwandani. Wenye mgomo walikaa bila mshahara mpaka Novemba. Njaa ikawashinda, wakarudi kuomba kazi, na wengine hawakupokewa kamwe. Chama kikafa, na kwa miaka mingi hapakuwa na chama chenye nguvu katika viwanda vya chuma vya Marekani. Mishahara ya wengi ikapunguzwa, na saa 12 za kazi kwa siku zikawa ndiyo sheria.

Na Carnegie? Magazeti ya Marekani na ya Uingereza yalimlaumu sana, yakasema amejificha mbali huku watu wake wanauawa. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuna jambo la kazi lililomwumiza kama hilo. Lakini hakumwondoa Frick wakati ule, wala hakuwarudishia watu chama chao. Fikirini jambo hili, ninyi msomao. Baba yake alikuwa fundi aliyeshindwa na mtambo, akauza vitanda vyake kwa machozi. Sasa mwana alikuwa mwenye mtambo, na mafundi wa Homestead walikuwa mahali pa baba yake.

DOLA MILIONI 480

Mwaka 1901 tajiri wa mabenki wa New York, John Pierpont Morgan, alitaka kuunganisha viwanda vingi vya chuma viwe kampuni moja. Carnegie aliulizwa bei yake. Akaiandika kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha karatasi: dola milioni 480. Morgan akaitazama akakubali. Katika hizo, fungu la Carnegie mwenyewe lilikuwa dola milioni 225 na zaidi. Kampuni mpya ilikuwa ya kwanza duniani kuhesabiwa mtaji wa zaidi ya dola bilioni moja.

Ili tufahamu ukubwa wa mali hiyo, na tupige hesabu. Yule mtoto wa vijiti vya nyuzi alipata dola 1 na senti 20 kwa juma. Kama angaliendelea na ujira huo, asile, asivae, asitumie hata senti moja, angalihitaji majuma zaidi ya milioni 187 apate dola milioni 225; yaani karibu miaka 3,600,000. Basi ni dhahiri kwamba mali ya namna hiyo haipatikani kwa mikono miwili ya mtu mmoja, hata awe na bidii gani. Imo ndani yake akili yake, ndiyo. Lakini imo pia mikono ya maelfu ya watu, na ardhi ya nchi, na ushuru uliowekwa na serikali ili chuma cha nchi nyingine kisishindane na chake.

KUTOA

Carnegie alilijua jambo hili kwa namna yake. Mwaka 1889 alikuwa ameandika makala yaliyosomwa dunia nzima. Alisema kwamba tajiri ni mlinzi tu wa mali, amewekewa kwa faida ya watu wote. Nusu ya kwanza ya maisha yake na aikusanye, na nusu ya pili aigawanye kwa hekima. Na mtu akifa na mamilioni yake mkononi, amekufa kwa aibu. Hakupenda kumtupia maskini sarafu njiani. Alipenda kuweka ngazi, ili atakaye kupanda apande.

Ngazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyumba ya vitabu, yaani maktaba. Ya kwanza aliijenga Dunfermline, mji wa kuzaliwa kwake. Mama yake aliweka jiwe la msingi mwaka 1881, nayo ikafunguliwa mwaka 1883. Baada yake zilifuata nyingine, hata zikawa 2,509, nyingi katika Marekani, nyingine Uingereza, Ayalandi, Kanada na nchi nyingine mbalimbali. Hakuzitoa bila sharti. Mji ulipaswa kutoa kiwanja, na kila mwaka kutenga fedha za kodi kiasi cha sehemu moja katika kumi ya gharama ya jengo, kwa vitabu na watumishi. Hivyo alitaka maktaba iwe mali ya watu wenyewe.

Tena alitoa fedha kwa vyuo vikuu vya Uskoti, kwa malipo ya uzeeni ya walimu wa vyuo, kwa watu waliohatarisha maisha yao kuokoa wengine, kwa wafanyakazi wazee wa viwanda vyake, na kwa vinanda zaidi ya 7,000 vya makanisa. Mwaka 1903 alitoa dola 600,000 kwa chuo cha Tuskegee, kilichoongozwa na Booker T. Washington, Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa utumwani. Alichukia vita, akajenga Jumba la Amani mjini The Hague katika Uholanzi, lililofunguliwa mwaka 1913. Lakini mwaka uliofuata Ulaya ikashikana kwa vita, na huzuni hiyo ilimvunja nguvu.

Hata hivyo zawadi zake hazikufika kwa wote sawasawa. Katika miji ya kusini ya Marekani watu weusi walikatazwa kuingia katika maktaba nyingi zilizoitwa kwa jina lake, ingawa nao walilipa kodi. Maktaba ya Atlanta ilipofunguliwa mwaka 1902, mwalimu mashuhuri W. E. B. Du Bois alikwenda pamoja na wenziwe kuuliza kwa nini wamefungiwa mlango. Walirudi bila kuruhusiwa. Na huko Homestead, ambako Carnegie alijenga maktaba nzuri yenye ukumbi wa muziki na mahali pa kuogelea, iliyofunguliwa mwaka 1898, wafanyakazi wengine walisema kwamba mtu aliyekaa mbele ya tanuru saa 12 hana tena macho ya kusomea. Wao wangalipendelea ujira wa haki kwanza, wachague wenyewe watakalonunua.

MKONO WAKE KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Mwaka 1911, alipoona kwamba hawezi kuigawanya mali yote kwa mkono wake, Carnegie aliunda shirika la kuendeleza kazi hiyo, Carnegie Corporation, akaliwekea dola milioni 125. Sehemu ya fedha iliwekwa kwa ajili ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na kwa njia hiyo ikafika kwetu. Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilisaidiwa na shirika hilo. Walimu wa Kiafrika walifundishwa hapo pamoja na wake zao, kisha wakazunguka katika shule za vijijini, wakiwasaidia walimu wenzao na kuwaonyesha watu kilimo bora, usafi na matunzo ya watoto.

Maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, nayo ilisaidiwa na fedha hizo. Lakini kama huko Atlanta, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika alipita nje akaona simba wa mawe mlangoni, asione vitabu vilivyomo. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa watu wote.

MWISHO WAKE

Andrew Carnegie alifariki tarehe 11 Agosti 1919 huko Lenox, Massachusetts, mwenye umri wa miaka 83, akamwacha mkewe Louise na binti yao mmoja, Margaret. Alikuwa amekwisha kutoa dola milioni 350 hivi. Shirika alilolianzisha lingali linafanya kazi hata leo.

Siku hizi matajiri wamezidi. Wako wenye mali ya mabilioni mengi ya dola, na baadhi yao wameahidi kutoa sehemu kubwa ya mali hiyo, wakifuata njia aliyoifungua Carnegie. Kwa hiyo habari zake si za zamani tu. Zinatuuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: mali hii itatolewaje? Carnegie alilijibu vizuri kuliko matajiri wengi, na maelfu ya watoto maskini wamesoma vitabu kwa sababu yake, kama yeye alivyosoma vya Kanali Anderson. La pili ni hili: mali hii imepatikanaje, na ni nani aliyelia ilipokuwa ikipatikana? Swali hilo aliliacha wazi kandokando ya mto Monongahela, na maktaba 2,509 hazikutosha kulifunga.

Basi tukimsifu mtu kwa ukarimu wake, tumsifu kwa haki. Mkono unaotoa hupendeza machoni pa watu. Lakini mtu mwema huanza kwa kuutazama ule mkono mwingine, ulio mgongoni, unaopokea.